Utupu na kulegea kwa mipaka ya nafsi katika tafakuri ya Kibudha: ni nini hasa kinachotoweka?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa,

Naleta mada hii kwa ajili ya wale ambao wamekaa katika tafakuri ya Kibudha kwa muda wa kutosha hata wakakutana na hali ambayo hawakuitarajia: mwili unapoteza kingo zake, sauti inasikika bila kuwepo msikiaji anayeonekana, na yule "mimi" aliyekuwa kama amekaa nyuma ya macho akiongoza shughuli yote hapatikani tena akitafutwa. Kuna wanaokutana na hali hiyo wakaamini kwamba wamefika, kwa hiyo miaka inayofuata wanaitumia kuitafuta ileile. Wapo pia wanaoshikwa na hofu kwamba akili inawatoka, wakaacha kukaa kimyakimya bila kumwambia mtu. Kwa maoni yangu wote hao wanalihukumu jambo moja kwa jina la jingine, kwa sababu wanachukulia kwamba kulegea kwa mipaka ndio utupu ambao Buddha aliufundisha. Mambo haya mawili yana uhusiano wa karibu, lakini la kwanza ni hali inayokuja na kuondoka, na la pili ni uoni juu ya kila hali, ikiwemo hiyo ya kwanza. Nadhani anayeyatenganisha hubadilisha kabisa namna yake ya kukaa.

Kwanza tulitazame tukio lenyewe, maana maneno makubwa hulifunika upesi. Mtu amekaa, mkono mmoja umelazwa juu ya mwingine, ncha za vidole gumba zimegusana kidogo. Mwanzoni hana shaka kwamba kuna mikono miwili, huu wa kulia na huu wa kushoto, na ngozi inayoitenganisha. Akikaa bila kujongea, kinachohisika pale polepole si mikono tena. Kuna joto. Kuna mgandamizo mahali fulani, lakini hauna umbo. Kuna mwasho mdogo unaozuka, unakua, unapotea. Akijiuliza, bila kufumbua macho, kidole gumba cha kulia kinaishia wapi na cha kushoto kinaanzia wapi, hisia yenyewe haina jibu la kumpa. Kinachojitokeza ni picha ya mikono kutoka kwenye kumbukumbu, inakuja kujilaza juu ya lile joto na kuligawa pande mbili. Picha ikiachwa ipite, joto linabaki joto tu, wala halisemi ni la nani. Hali hiyo inaweza kuenea mpaka kifuani na usoni, kisha ikazichukua hata sauti, kwa namna kwamba sauti ya mlango unaofungwa haisikiki tena kuwa iko kule na mimi niko huku, iko tu.

Sehemu ya jambo hili ina maelezo ya kimwili yasiyo na fumbo lolote. Neva za mguso hupeleka taarifa nyingi pale kitu kinapobadilika, na mgandamizo ukikaa vilevile kwa muda taarifa hupungua. Misuli na viungo visivyosogea navyo huupa ubongo habari haba kuhusu mahali vilipo. Kingo za mwili, ambazo ubongo huzichora upya wakati wote kutokana na habari hizo, lazima zififie. Kwamba kingo hizo huchorwa, na kwamba mchoro wenyewe unaweza kuhamishwa, kulionyeshwa mwaka 1998 na watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen: mkono halisi wa mtu ulifichwa, mkono wa mpira ukawekwa mbele ya macho yake, yote miwili ikapitishiwa brashi kwa wakati mmoja, na watu wakaanza kuuhisi mguso ule pale ulipolala mkono wa mpira.

Siyataji haya kwa nia ya kulidogosha tukio. Mtu aliyeona hata mara moja, kwa hisia yake mwenyewe na si kwa kusimuliwa, kwamba ukingo wa mwili wake ni kazi inayofanywa na si ukuta uliosimama, amepata kitu cha thamani kubwa. Hata hivyo alichoonyeshwa kinahusu mwili na mahali pake, naye anaweza kabisa kuinuka pale akiwa na "mimi" mkubwa kuliko yule aliyekaa naye: mimi niliyeenea, mimi niliye kitu kimoja na vyote, mimi ambaye wenzangu hawajanifikia.

Sasa tuangalie Buddha alisema nini. Hotuba ambayo mapokeo yanaihesabu kuwa ya pili, aliyoitoa Isipatana karibu na Varanasi, India, mbele ya wale wafuasi watano wa kwanza, ndiyo inayohusu kutokuwa nafsi, anatta kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha. Msomaji huenda akashangaa kuona kwamba haitaji hali yoyote ya ajabu. Inapitia mafungu matano ambayo mtu huyaita yeye: umbo la mwili, hisia za raha na karaha, utambuzi, misukumo ya nia, na ufahamu. Kwa kila fungu hoja ni ileile: kama hili lingekuwa nafsi yako, ungeweza kuliamuru liwe hivi na lisiwe vile, na wala lisingekuletea dhiki. Mwili hauitiki amri hiyo. Hisia haziitiki. Hata ufahamu, ambao watafakari wengi huupenda na kuufanya kimbilio la mwisho, hauitiki. Kisha linakuja swali: kisichodumu, chenye dhiki, chenye tabia ya kubadilika, je, inafaa kukitazama na kusema hiki ni changu, hiki ndicho mimi, hii ndiyo nafsi yangu?

Zingatieni kwamba hakuwaambia kuwa hawapo. Vacchagotta, mzururaji mmoja wa zama hizo, alipomwuliza waziwazi kama nafsi ipo, Buddha alinyamaza. Alipomwuliza kama haipo, alinyamaza vilevile, na baadaye alimweleza Ananda, mtawa aliyekuwa msaidizi wake, kwamba kusema ipo kungekuwa kuwaunga mkono wanaoamini nafsi ya milele, na kusema haipo kungemwongezea mtu yule mkanganyiko. Huyo huyo Ananda alipouliza kwa nini dunia inasemwa kuwa ni tupu, alijibiwa kwamba ni tupu kwa kukosa nafsi na kitu kilicho mali ya nafsi. Kwa hiyo utupu katika matini za kale ni kukosekana kwa kitu fulani mahali ambapo tulidhani kipo. Hausemwi kuwa ni dutu, wala uwanda mweusi ulio nyuma ya mambo, wala mahali pa kwenda.

Matini inayonisaidia kuliko zote katika hili ni ile inayoitwa Hotuba Fupi juu ya Utupu, ambayo inanishangaza kwa unyenyekevu wa mwanzo wake. Wako Savatthi, mji wa India ya kale, katika jumba la mwanamke mfadhili aliyejulikana kama mama yake Migara. Ananda anauliza kuhusu kukaa katika utupu, na Buddha anamwonyesha jumba lenyewe: jumba hili ni tupu kwa upande wa tembo, ng'ombe, farasi, ni tupu kwa upande wa dhahabu na fedha, ni tupu kwa upande wa mkusanyiko wa wanawake na wanaume, lakini kuna kitu ambacho si tupu, yaani jamii ya watawa waliopo. Mtawa anayekaa msituni naye anaacha kuzingatia kijiji na watu, anazingatia msitu peke yake, na anaona kwamba msumbuko uliotokana na wazo la kijiji haupo sasa, ila umebaki msumbuko huu unaotokana na wazo la msitu. Kutoka msitu anaingia kwenye wazo la ardhi, akiyaacha mabonde, visiki na miiba, kama ngozi ya fahali iliyotandazwa kwa vigingi mia hata ikakosa mikunjo. Kisha upeo wa anga usio na mwisho, kisha ufahamu usio na mwisho, kisha kutokuwepo kitu, na kuendelea. Katika kila ngazi kinarudiwa kipengele kilekile: kisichopo anakiona kuwa hakipo, na kilichobaki anakitambua kwamba hiki kipo.

Naomba tukae kidogo hapo, kwa sababu ndipo penye uzito wote wa mada hii. Upana usio na kingo, ambao mtu wa leo akiupata hutetemeka na kuuita ukombozi, umewekwa katikati ya ngazi, ukiwa na msumbuko wake uliobaki. Umbo la mwili limeondoka, mipaka imeondoka, lakini bado kuna kitu kinachozingatiwa na kushikwa. Na ngazi ya mwisho ya utulivu, ile isiyo na alama yoyote, nayo inatazamwa na kutambuliwa kwamba imeundwa kwa masharti, na kilichoundwa hakidumu. Hapo ndipo akili inaachia. Na mwishoni kabisa, baada ya kuachia, matini inasema kuna msumbuko mmoja unaobaki: huu wa mwili wenye milango sita ya fahamu (ile mitano ya kawaida pamoja na akili), maadamu uhai upo. Mtu haondolewi duniani. Mwili uleule unabaki, na njaa yake na maumivu yake, bila yule aliyedai kuumiliki.

Mapokeo ya baadaye yanakubaliana na mpangilio huu. Buddhaghosa, mtawa mfafanuzi wa maandiko aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, alizipanga hatua za uoni ambazo mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma (1904–1982) alizifundisha kwa mapana katika zama zetu. Katika mpangilio huo kuna hatua ya kuyeyuka, bhanga, ambapo kila kinachozingatiwa huonekana kinakatika papo hapo, na umbo la mwili linaweza kutoonekana kabisa. Baada yake hakuji kufika. Hukuja hofu, kisha kuona hatari, kisha kuchoshwa na mambo, kisha hamu ya kutoka, na baada ya safari hiyo ndefu ndipo unakuja usawa wa moyo. Laiti watu wangeelezwa hili mapema, wangeacha kuidhania hofu inayofuata kulegea kwa mipaka kuwa ni adhabu au ni ugonjwa, na pia wangeacha kuujengea hekalu ule mteremko wa kwanza wa raha. S. N. Goenka (1924–2013), aliyefundisha kupitisha uangalifu mwilini sehemu kwa sehemu, aliwasisitizia wanafunzi wake wasiutamani mtetemo mwororo wa mwili mzima wanapoupata, wala wasiyachukie maumivu mazito yanaporudi.

Nagarjuna, mwanafalsafa wa Kibudha aliyeishi India takribani kati ya karne ya 2 na ya 3, ndiye aliyelifunga jambo hili kwa hoja. Kwake yeye, kutokea kwa kutegemeana ndiko kunakoitwa utupu. Kitu ni tupu kwa sababu kinasimama kwa masharti yake, hakina kiini kinachojitegemea. Ukiutumia uoni huo juu ya mipaka ya nafsi, unaona kwamba mpaka hutokea panapokuwepo uangalifu wa namna fulani, kumbukumbu, woga, mwendo wa mwili. Ukiutumia juu ya hali isiyo na mpaka, unaona vilevile: imetokea kwa utulivu, kwa kutojongea, kwa ukimya. Vyote viwili ni tupu kwa kiasi kilekile. Asiyekuwa na mpaka hayuko karibu zaidi na ukweli kuliko mwenye mpaka. Ila amepata nafasi ya kuona kwamba mpaka haukuwa wa lazima. Nagarjuna mwenyewe alionya kwamba utupu ukishikwa vibaya humwangamiza mwenye akili ndogo, kama nyoka aliyekamatwa vibaya, na kwamba anayeugeuza utupu kuwa itikadi hana tiba.

Kuhusu maabara nitasema machache. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa watafakari wazoefu, maeneo makuu ya mtandao wa ubongo unaofanya kazi tunapozama katika mawazo kuhusu nafsi zetu hupungua shughuli wakati wa tafakuri. Mwaka 2015 Yochai Ataria na wenzake walimhoji kwa kina mtafakari mmoja mwenye uzoefu wa takribani saa 20,000, naye akaeleza hatua tatu: mipaka ya kawaida, mipaka inayoyeyuka, na kukosekana kwa mipaka, ambako hisia ya mahali nayo hutoweka. Tafiti hizi zina manufaa kwa kuonyesha kwamba watu hawa hawabuni. Haziwezi kutuambia kama mtu ameacha kushika.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, ahsante kwa maelezo haya. Nina jambo linalonitatiza na naomba unijibu bila kunibembeleza. Kwangu hali hii haikuishia kwenye kukaa. Kwa majuma kadhaa sasa dunia imekuwa kana kwamba imesogezwa mbali nami. Naongea na watu huku nasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine, furaha haiji na huzuni haiji. Niliyemwuliza aliniambia kwamba hayo ndiyo matunda ya utupu na kwamba nizidishe saa za kukaa. Je, ni kweli?

Mleta mada

Ndugu yangu, ahsante kwa kulisema hili mbele ya watu, maana wako wengine wanaolisoma wakiwa katika hali hiyohiyo. Kwa jinsi ulivyoeleza, nisingekushauri uzidishe saa. Ningekushauri upunguze au usimame kabisa kwa sasa, na umwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili, umweleze wazi kwamba ulikuwa ukifanya tafakuri na kwa kiasi gani.

Tofauti ninayoijua ni hii. Mipaka inapolegea kwa namna yenye afya, mambo husogea karibu: sauti ina ukali wake, uso wa mtu unagusa, huruma inakuja yenyewe bila kuitwa. Unachoeleza ni kinyume chake. Mambo yamekwenda mbali, na moyo umekufa ganzi. Katika hali hiyo nafsi haikulegea, bali imejitenga, na sehemu kubwa ya nguvu zako huenda inatumika kuulinda umbali huo. Wataalamu wa tiba wanaitambua hali ya mtu kujihisi kuwa nje ya nafsi yake, na inaweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kukaa katika tafakuri. Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017 baada ya kuwahoji Wabudha wa nchi za Magharibi, waliandika kwamba mabadiliko katika hisia ya nafsi yaliwapa baadhi ya watu faraja na kuwapa wengine mateso yaliyohitaji msaada. Huna upungufu wa imani na wala hujakosa ushujaa.

Na asikwambie mtu kwamba kubadili njia ni kurudi nyuma. Maandiko ya Kipali yenyewe yanasimulia kwamba huko Vesali watawa walipewa tafakuri ya kuutazama mwili kama kitu cha kuchukiza, wakauchukia mwili hata baadhi yao wakajiua. Buddha alipofahamu, hakuwaambia waliobaki wakaze mwendo. Aliwakusanya akawafundisha njia nyingine, ile ya kuzingatia pumzi, akiieleza kuwa ni tulivu na yenye kuburudisha. Kwa sasa, fanya yale yanayoufanya mwili uhisike: tembea, osha vyombo kwa maji ya moto, kaa na watu wanaokupenda, lala vya kutosha. Nakuomba pia utulete habari ukishaonana na mtaalamu.

Mchangiaji wa pili

Nami nina swali, ingawa ni la upande mwingine. Nimelelewa kuwa mtu wa kukubali kila ombi, na imenichukua muda mrefu kujifunza kusema hapana. Sasa naambiwa nilegeze mipaka ya nafsi. Sioni jinsi mafundisho haya yatakavyomsaidia mtu ambaye tatizo lake ni kwamba hakuwahi kuwa na mipaka. Si yatampa tu jina zuri la kuendelea kukanyagwa?

Mleta mada

Swali lako ni zito, na nafurahi kwamba jibu lake lipo ndani ya mapokeo yenyewe, tena kwa mfano wa kutisha kidogo. Buddhaghosa, anapoeleza tafakuri ya wema, metta, anazungumzia kuvunja mipaka. Mtu anaanza kujitakia wema yeye mwenyewe, kisha anamtakia ampendaye, kisha asiye na uhusiano naye wa kupenda wala kuchukia, kisha adui, mpaka wote wanne wawe sawa moyoni mwake. Atajuaje kwamba mipaka imevunjika? Tuseme wanne hao wamekaa pamoja, wakaja majambazi wakadai wapewe mmoja wao wamwue. Akiwaza kwamba wamchukue yule au huyu, hajavunja mipaka. Na akiwaza kwamba wanichukue mimi, waacheni hawa watatu, bado hajaivunja. Amevunja mipaka pale tu anapoona kwamba hakuna hata mmoja wa kutolewa, yeye mwenyewe akiwemo.

Angalia jinsi mfano huo unavyolikata suala lako. Anayejitoa kila mara ana mpaka mkali sana, ila ameuweka mahali pabaya: wengine wote wako ndani ya uangalizi wake na yeye peke yake yuko nje. Mpaka huo nao unastahili kulegea. Kusema hapana kwa mtu anayekudhulumu ni tendo, na tendo linaweza kufanywa kwa moyo wenye chuki au usio na chuki. Katika tafakuri, mpaka unaochunguzwa ni ile dhana kwamba humu ndani kuna kiini cha kudumu kinachopaswa kulindwa au, kwa upande wako, kulipishwa. Mlango wa nyumba unaweza kufungwa bila dhana hiyo. Kwa hiyo ningekushauri uanze na metta, na uanze na nafsi yako kama mapokeo yanavyoelekeza, ukae hapo muda mrefu kuliko wengine, kabla hujagusa tafakuri yoyote ya kuyeyusha mwili.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta mada, mimi ni wa kundi lako la kwanza, wanaoitafuta tena hali ileile. Niliipata mara moja, ilikuwa kama umesimulia: mikono, kifua, sauti, vyote bila mwenyewe. Tangu hapo kila nikikaa nasubiri irudi, nayo hairudi. Nimekuelewa kwamba hali hiyo si utupu wenyewe. Lakini basi nifanye nini nikikaa, na nitajuaje kama naelekea mahali?

Mleta mada

Nikianza na sababu ya kutorudi kwake, huyo anayesubiri ndiye mpaka wenyewe. Mara ya kwanza hukujua kinachokuja, kwa hiyo hakukuwa na mtu mlangoni. Sasa yupo mmoja anayelinganisha kila hisia na kumbukumbu ya siku ile, na kulinganisha huko kunahitaji kuwepo mwenye kumbukumbu, mwenye kukosa, mwenye kutaka. Usipigane naye. Mfanye yeye kuwa ndiye unayemzingatia: kutaka kunahisikaje? Mara nyingi kuna mvuto mdogo kwenye paji la uso, pumzi imeshikwa juu kidogo, na sentensi fupi inayojirudia. Hivyo vyote vipo, navyo vinatambulika. Tumia kanuni ya lile jumba la Savatthi: kisichopo, kione kwamba hakipo, wala usikililie, kilichopo, kitambue kwamba kipo. Leo hakuna upana, ila kuna kutaka, kuna goti linalouma, kuna sauti nje. Tafakuri ya utupu inaweza kufanywa juu ya goti linalouma kwa ukamilifu uleule, kwa kuuliza kama maumivu hayo yanaitika amri yako, na kama ndani yake unamwona anayeumwa au unaona tu maumivu na mawazo yanayofuatana nayo.

Kuhusu kipimo cha kujua unaelekea wapi, sipimi kwa kinachotokea mtu akiwa amekaa. Napendelea kutazama dakika ile anapopingwa. Mtu anakwambia mbele ya wengine kwamba ulichosema si kweli. Papo hapo joto linapanda usoni, taya linakaza, na kabla hajamaliza kusema tayari kuna jibu linaloandikwa kichwani, lenye "mimi" katika kila kifungu. Hapo unamwona "mimi" akijengwa kwa wazi kuliko wakati wowote wa ukimya, kipande kwa kipande, kutokana na joto, taya, kumbukumbu ya aibu ya zamani na sentensi inayotafuta pa kutokea. Mwanzoni utaligundua hilo saa nyingi baadaye, ukiwa umeshajibu. Kwa mazoezi utaligundua sentensi ikiwa bado mdomoni. Baadaye kuna siku joto litapanda na taya litakaza, na jibu halitaandikwa, kwa hiyo utaweza kusikia kama yule aliyekupinga alikuwa na hoja. Ukianza kuona hayo, hata kama upana ule wa siku ya kwanza haujarudi, usibadilishe njia.